Jezi Kumi na Tatu za Elieza

Jumanne, tarehe 1 Julai

Baridi. Ukungu wa Makambako leo umeingia hadi uvunguni. Nimeamua mipango yangu niiandike, maana nikiisema kwa mdomo Conjesta anaisikia kabla sijaimaliza. Shule sikukanyaga hata siku moja. Baba alisema mbuzi hawajichungi. Herufi nilizipata ukubwani, kanisani, nikifuatisha kitabu cha nyimbo kwa kidole. Kwa hiyo naandika kama ninavyoimba: kwa nguvu, na anayeumia masikio atajua mwenyewe.

Conjesta ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Anafuma kofia na skafu za sufu. Mwaka huu kafuma za kijani na nyeupe, rangi za Miwati, timu ya Njombe, na mbele kaweka 1985. Ndio mwaka Miwati walipochukua Kombe la Mkoa kule Iringa. Miaka arobaini sasa! Jumamosi ya tarehe 19 kuna sherehe uwanjani Njombe, na mashabiki wamepandwa na wazimu wa mambo ya kale. Wanataka picha ya zamani, bendera ya zamani, kikombe chenye majina ya wachezaji wa zamani. Mlango wa Conjesta haufungwi. Jana kaniambia kwa sauti ya asali, Bibi Janeth, na wewe si ufume japo soksi.

Soksi! Mimi! Wakati kipa aliyedaka penalti mbili kwenye fainali ile ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja!

Elieza sasa ana miaka sitini na minne. Ni mzee wa kanisa huko Njombe, anashika kapu la sadaka kwa mikono ileile. Jezi yake ya siku ile, ya njano ya kipa, iko kwangu, kwenye sanduku la bati. Aliileta mwaka alipoumwa mapafu. Akaniambia, dada, mtu akifa nguo zake zinagawanywa, wanangu wagombanie makoti wanavyotaka, lakini hii isigawiwe. Nizikwe nayo. Nikaapa. Nililia hadi nikafutia kamasi kwenye mkono wa jezi hiyohiyo.

Naiazima siku chache tu. Jezi haina macho.

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Nimempelekea Fundi Filbert, yule wa karibu na stesheni ya reli. Nimemwambia anishonee kumi na mbili, sawasawa na hii. Filbert ana kasoro moja kubwa: anafanya kile unachomwambia.

Akauliza, Bibi, hata ukosi huu uliolegea? Hata ukosi. Na kiraka cha kiwiko, hiki cha kaptura ya shule? Hata kiraka! Nani atanunua historia isiyochanika? Akasema namba moja ya mgongoni imekaa upande. Nikamwambia ikae upandeupande vilevile. Ile namba niliishona mimi, kwa mkono, kwa haraka, kwa taa ya kibatari.

Kisha akapapasa pindo la chini, akasimama. Bibi, humu mna kidude. Akachukua wembe.

Nikampiga mkono! Nikamwambia asifungue, atie tu kidude kama hicho kwenye zote. Akauliza kidude gani. Chochote! Mteja wa historia anataka kila uvimbe.

Kilichomo nakijua. Hapa sikiandiki. Kuna mambo hata daftari halipaswi kuambiwa.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Jezi zimetoka. Nimezitazama nikaona haya. Njano ya kuumiza macho, kama vifaranga vya juzi. Filbert anajivuna. Anasema kila pindo kalitia punje ya hindi, hindi la kuku wake, kavu, halina mdudu. Ukosi umelegea kumi na mbili. Namba imepinda kumi na mbili. Viraka vimekaa palepale. Lakini ni mpya! Zinanuka duka!

Nikaketi jikoni kuwaza. Moshi ukaniingia machoni, na wazo likaingia pamoja nao.

Mti wa mwati nyuma ya choo changu hauna kazi. Magome yake watu wanatengenezea ngozi, yanatia rangi ya udongo hata kwenye kucha. Nikabandua, nikachemsha kwenye pipa, nikazamisha jezi zote. Njano ikawa rangi ya chai iliyolala. Halafu nikazitundika darini juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi ndio mwalimu wa uzee. Mimi mwenyewe umenifundisha.

Ya Elieza nimeitundika katikati, ili zile changa zijifunze.

Wazo la maana sana. Conjesta hata afume mpaka Pasaka hatalipata.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Zimejifunza.

Zimejifunza mno. Asubuhi nimeshusha jezi kumi na tatu, na zote ni ya Elieza. Ukosi, kiraka, namba, masizi. Zimekakamaa kama ngozi ya ng'ombe, ukiisimamisha inasimama. Nikazipanga kitandani. Nikavaa miwani, nikavua miwani. Nikanusa makwapa ishirini na sita, mimi mwanamke wa miaka sabini, nimeinama kama mbuzi kwenye chumvi. Moshi. Moshi. Moshi.

Nilikaribia kulia. Ndipo moja ikanitazama. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Damu inaitambua damu. Nikaifunga kwenye khanga, nikairudisha sandukuni, nikageuza ufunguo. Haja ya kupapasa mapindo sikuiona.

Moyo unanidunda kidogo. Ni baridi.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Zimekwisha! Zote kumi na mbili, kabla jua halijapasha bati!

Nilitandika turubai karibu na stendi ya mabasi. Mteja wa kwanza Joackim, muuza nyama. Akauliza kama ni ya kweli. Hapo ningeweza kusema ni mfano wa ile ya zamani, ni zawadi, ni kumbukumbu. Watu wangenunua tu, kofia za Conjesta wananunua na hakuna anayedhani zilivaliwa Iringa. Lakini ulimi wangu hauna breki. Nikamvuta sikio nikamnong'oneza kwamba mimi ni dada wa kipa, na hii ndiyo yenyewe, na asimwambie mtu. Akaikumbatia. Mwanaume wa kisu na shoka, machozi yakamlenga.

Wa pili nikamwambia vilevile. Na wa tatu. Wa mwisho alikuwa Anyisile, tajiri wa mbao. Yeye aliishika kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa kubatizwa, na kila mmoja akaondoka akidhani wengine wamenunua mfano.

Conjesta alipita na kapu lake la kofia. Akasema, Bibi Janeth, mdogo wako alikuwa na jezi moja au alikuwa na duka? Nikamwambia akafume.

Jioni nimekula nyama. Haikushuka vizuri.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Elieza kaja. Bila kutoa taarifa! Nilikuwa nachambua maharage mlangoni, nikasikia salamu ya kwetu, kamwene, dada, nikainua macho, yule pale na kofia yake ya Jumapili. Nikamkaripia kwa nini amekonda, nikamkaripia kwa nini hakuvaa sweta la ndani, nikamwekea ugali na maziwa ya mgando. Akala. Akasema amefuata jezi. Tawi la mashabiki wamemwomba aivae Jumamosi, aingie nayo uwanjani.

Nikafungua sanduku. Nikampa. Akaishika muda mrefu. Akasema inanuka moshi. Nikasema nyumba nzima inanuka moshi, na yeye akikaa hapa siku mbili atanuka.

Halafu akafunga mlango. Nikaogopa. Akasema, dada, kuna dhambi nimeibeba miaka arobaini.

Akaniambia humu kwenye pindo mna hirizi. Akauliza kama nakumbuka, kabla ya fainali wazee wa timu walinituma mimi kwa mganga Wanging'ombe, na kuku mweusi na pesa, nikarudi na dawa nikaishona. Akadaka penalti mbili. Tangu siku hiyo hajawahi kufurahia zile penalti. Watu wakimpigia makofi anasikia mganga anapigiwa makofi. Ameomba msamaha kila kipindi cha toba, miaka arobaini, na mchungaji hajui kwa nini mzee wake wa kanisa analia kwa dhambi za jumla. Sasa anataka mimi niliyeishona niitoe, niichome moto, ndipo aivae. Mara moja tu. Kwa moyo mweupe. Na siku yake ikifika azikwe nayo hivyohivyo.

Nilikuwa nimelishika lile pindo wakati anasema. Alikuwa amelipekecha mkononi, limelainika. Vidole vyangu vikasikia.

Hindi.

Punje ya hindi la kuku wa Filbert! Siyo yenyewe! Yenyewe nimeiuza!

Nikamwambia aniachie, nitaitoa na kuifua, nitaileta Jumamosi. Akanibusu kichwani. Akasema, wewe ndiye mama yangu aliyebaki. Akaondoka na sweta la marehemu mume wangu.

Sasa naandika lile nililokataa kuliandika. Kwa mganga sikwenda. Mwaka ule nguo zilikuwa adimu, duka la ushirika lilikuwa na chumvi na viberiti. Njiani nikakutana na mtu ana kitenge cha magendo, maua mekundu. Pesa ya mganga ikawa kitenge. Kuku mweusi nikamla, na mchuzi nikaunywa. Ndani ya pindo nikashona punje ya harage.

Harage! Mdogo wangu amemlilia Mungu miaka arobaini kwa sababu ya harage!

Na kile kitenge kilichuja rangi kwenye ufuaji wa pili.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Siku nne napapasa watu.

Hindi lina kichwa bapa na ncha. Harage ni la mviringo, na lina kitovu. Nimechambua maharage miaka sitini, vidole vyangu havihitaji taa. Kinachohitajika ni mtu atulie nimshike pindo.

Joackim nilimpata buchani, kavaa jezi ndani ya koti jeupe. Nikajifanya namtoa uzi. Hindi. Dereva mmoja nilimshika akiwa anaingia garini, akadhani namdai chenji ya nauli, akapiga kelele. Hindi. Wawili niliwapata msibani kwa mzee mwenzetu, nikawakumbatia kwa kulia. Nililia kwelikweli, maana yote mawili yalikuwa mahindi. Mke wa mmoja akaniuliza, Bibi, unamtafuta nini mume wangu kiunoni? Nikasema nampa pole. Akasema pole inatolewa kwenye mkono.

Saba nimeshika. Yote saba hindi.

Jana Conjesta kanisimamisha kisimani. Anasema mji mzima unasema Bibi Janeth kachanganyikiwa, anatomasa wanaume. Alitaka kucheka, kisha akanitazama usoni hakucheka. Akauliza, una nini, mwenzangu? Nikamwambia sina kitu. Na kweli sina.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Sijawahi kuona aibu yenye watu wengi namna hii.

Uwanja wa Njombe ulijaa hadi kwenye matuta. Bendi ya shule, ngoma, vikombe vya kumbukumbu, kofia za Conjesta kila kichwa. Naye mwenyewe yupo, amekaa na kapu lake. Na katikati ya mashabiki, jukwaa la mbele, wamekaa bega kwa bega: jezi ya njano ya zamani, kiraka kiwikoni, namba imepinda. Na pembeni yake nyingine. Na nyingine! Nikahesabu. Kumi na moja. Timu kamili, na wote makipa!

Walikuwa wameshaanza kutazamana.

Halafu manyunyu. Manyunyu ya Njombe hayanyeshi, yanakulamba tu. Magome ya mwati yakaanza kurudi yalikotoka. Rangi ya udongo ikashuka shingoni, mikononi, kwenye suruali za sikukuu. Joackim akasimama na shingo ya kahawia, akaniona. Akapaza sauti uwanja mzima ukasikia. Bibi Janeth! Ndugu yako alikuwa na mabega mangapi?

Nikatamani ardhi ya uwanja ule, pamoja na magoli yake, inimeze.

Elieza alikuwa amesimama katikati ya uwanja na koti lake la kanisani. Hana jezi. Mimi sikuileta, sina ya kuleta. Mtangazaji, kijana mcheshi kupita kiasi, akampa kipaza sauti akamwomba awaambie wananchi ipi ndiyo yenyewe kati ya hizo kumi na moja. Elieza akazitazama. Akanitazama mimi. Alinitazama muda wa kutosha kusali Baba Yetu mara mbili.

Akasema, jamani, Iringa siku ile kulikuwa na baridi. Nilizivaa zote.

Uwanja ukalipuka! Wakacheka hadi ngoma zikanyamaza. Wale kumi na mmoja wakashikana mabega wakaanza kuimba. Joackim alicheka akajifuta shingo. Nikapona.

Sikupona. Mzee wa kanisa amesema uongo kwenye kipaza sauti kwa ajili yangu.

Watu walipotulia nilipita nyuma ya jukwaa nikapapasa wale wanne waliobaki. Hindi, hindi, hindi, hindi. Wa kumi na mbili ni Anyisile, hakuwa na jezi. Nikamshika mkono. Akasema ile ni kitu cha heshima, haivaliwi ovyo. Ameitoa kanisani kwa Elieza, kwa sikukuu ya mavuno. Kesho inapigwa mnada.

Elieza aliponifikia hakunikaripia. Ningependa anikaripie. Aliuliza tu, dada, ya kwangu iko wapi? Nikasema kesho. Akasema sawa. Mkewe Elina kanipa kitanda na maji ya moto ya kuoga.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Mahubiri sikuyasikia. Macho yangu yalikuwa madhabahuni. Viazi, mahindi, maparachichi, kabeji kama vichwa vya watoto, jogoo wamefungwa miguu, na juu ya rundo lote, imekunjwa vizuri, jezi.

Baada ya ibada mnada ukaanza pale nje. Asiyejua mnada wa mavuno ajue: mtu hanunui kwa bei, ananunua kwa imani. Na akishanunua anaweza kusema narudisha kwa Bwana, kitu kikauzwa tena. Jogoo mmoja leo ameuzwa mara tano, mwisho alikuwa amezoea.

Ikaja jezi. Mwinjilisti akainyanyua, akasema hii ni jezi iliyoleta kombe, na mwenyewe yuko hapa mbele yetu. Watu wakampigia Elieza makofi. Nikamwona anavyoyapokea, kichwa chini, kama mtu anayenyeshewa.

Anyisile akaanza kwa kutaja bei. Mwingine akapandisha. Mimi pesa sikuwa nayo, niliyopata stendi nilishalipa kitambaa na ufundi, iliyobaki nikaila. Nikanyoosha mkono. Mwinjilisti akauliza Bibi anasema ngapi.

Nikasema, nguruwe.

Akauliza nguruwe gani. Nguruwe wangu wa Makambako, jike, ana mimba! Watu wakashangilia, wakaimba haleluya. Nikadhani imekwisha. Anyisile akapandisha juu ya nguruwe, akanunua, akainua mkono akasema narudisha kwa Bwana. Nikasema nguruwe tena! Mwalimu wa kwaya akapanda juu, akanunua, akarudisha kwa Bwana. Kila mmoja anataka Bwana amwone! Nguruwe! nikapiga kelele. Nguruwe na watoto wake! Sauti ilikatika, machozi yakanitoka mbele ya washarika wote na wageni wao.

Ndipo mtu nyuma akasema, muuzieni mama wa watu, hamwoni analia? Nikageuka. Conjesta. Akasema anaongeza kofia zake zote zilizobaki kapuni juu ya nguruwe wangu, kwa jina langu, na atakayerudisha tena kwa Bwana atakutana naye getini.

Mwinjilisti akagonga meza.

Nilimvuta Elieza nyuma ya kanisa, kwenye matofali ya kujengea nyumba ya mchungaji. Pindo nikalishika. Mviringo. Kitovu. Nikalichana kwa meno. Likanidondokea kiganjani: dogo, limekunjamana, jeusi kwa miaka.

Akarudi nyuma hatua moja. Akasema lichome, dada, lichome haraka.

Nikamwambia, Elieza, hili ni harage.

Nikamwambia yote. Kitenge. Maua mekundu. Kuku, na mchuzi. Hakuna mganga aliyewahi kulisikia jina lake. Sikumtazama usoni, nilitazama viatu vyake, vimepigwa rangi na Elina. Nilisema nikamaliza, nikaanza tena mwanzo.

Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, ya kitoto kabisa. Kwa hiyo zile mbili nilidaka mwenyewe?

Mwenyewe, nikasema. Harage halijui kuruka.

Akakaa kwenye tofali. Akainua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma, kama kaletewa leo. Akalia. Halafu akacheka, na kucheka kwenyewe kukageuka kulia tena. Kisha akanitazama, na hapo hakuwa anacheka hata kidogo. Akasema, miaka arobaini, dada. Ungeniambia siku yoyote. Jumanne yoyote.

Nikampa jezi.

Akavua koti, akavaa jezi. Tumbo limeongezeka, kiraka kimepanda juu ya kiwiko. Akazunguka mbele ya kanisa hivyohivyo. Watu wakampigia makofi, na safari hii aliinua kichwa.

Jumatano, tarehe 23 Julai

Nguruwe wamemchukua jana. Alinitazama hadi kona ya reli.

Joackim na wenzake hawataki pesa yao. Wanasema jezi zao zina kisa kuliko ile ya kweli, na mmoja kaniomba nimtie tena magome. Wamenisamehe kwa kunicheka. Nilidhani ni nafuu. Siyo nafuu.

Elieza kapiga simu. Sauti yake ni nyepesi, anaongea kama mtu aliyeshushiwa gunia. Kamweleza mchungaji kila kitu, hirizi na harage, hata uongo wa uwanjani. Mchungaji kacheka hadi akaomba maji. Jumapili ananiita nikale kwake, Elina atachinja. Nikaanza kulia kwa furaha. Ndipo akasema, dada, ile jezi nimempa Conjesta aitunze.

Conjesta!

Akasema siyo hasira. Anataka tu kuzikwa na ya kwake, siyo na ya muuza nyama. Sikubisha. Ningebisha na nini? Jioni nilisikia sanduku la Conjesta likifungwa upande wa pili wa ukuta, taratibu, kwa heshima, kwa ufunguo. Nilijifunika khanga usoni, peke yangu, chumbani mwangu. Baadaye akagonga, kaniletea soksi za sufu. Za kijani na nyeupe. Nimezivaa. Zina joto, mbwa yule.

Nimeapa. Nimeweka mkono juu ya kitabu cha nyimbo nikaapa: biashara ya kughushi basi. Ya kweli ni ya kweli. Nilichokosa kujua kwa kutokwenda shule, sasa nimekijua.

Lile harage Elieza aliniachia. Alinifumbia kiganjani pale nyuma ya kanisa, akasema, chukua dawa yako.

Leo asubuhi Joackim kaja kuliona. Kisa kimeshafika buchani. Akalishika kwa ncha za vidole, akavua kofia. Akaniuliza kama naweza kumwachia. Nikamwambia halina bei. Mchana wamekuja wawili wa tawi la mashabiki, wanataka kulishonea kwenye kifuko kama zawadi ya kumbukumbu. Nikasema halina bei. Jioni dereva, yule wa nauli. Wanasema ni harage pekee nchini lililowahi kucheza fainali.

Pekee. Neno hilo limenikaa kichwani.

Maana darini nina nusu debe la maharage. Aina ileile. Yamekaa moshini tangu mwaka juzi, meusi, yamekunjamana, hata mimi mwenyewe siwezi kuyatofautisha na lile. Na Filbert ana mabaki ya kitambaa cha njano.

Nimeshamtumia ujumbe. Vifuko vidogo, mia, vishonwe vibaya.

Lile la kweli nimelitia humo debeni, katikati, ili haya mengine yajifunze.